Siku Moja Kabla ya Mlima: Kutoka Mombasa hadi Marangu



Aghalabu ya watu wanapopanga safari kubwa huhesabu siku mbili tu: siku ya kuondoka na siku ya kufika. Ile iliyo baina yao, siku ya njiani isiyo na kazi maalumu, huonekana kuwa hasara. Hutafutwa basi la usiku ili usingizi na mwendo vifanyike kwa pamoja, na mtu hushuka asubuhi macho mekundu, miguu imevimba, kisha huambiwa kwamba safari ndiyo kwanza yaanza. Leo tungependa kuitetea siku hiyo inayodharauliwa, maana sisi tulijaaliwa moja, na tuliyoyapata ndani yake hatukuyapata katika miezi yote ya matayarisho.

Safari yetu ilikuwa ya Mlima Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu, siku sita kwa miguu kwenda na kurudi. Sisi tumekwisha kuvuka umri wa miaka hamsini, na kazi yetu ni ya kukaa kitako mbele ya vitabu na wanafunzi. Mwenzetu, mama wa watoto wetu, ndiye mwenye mlima. Marehemu babake alikuwa mfanyakazi wa reli katika njia ya Voi hadi Taveta, na kila aliporudi nyumbani alimsimulia bintiye habari za jabali lililovaa kilemba cheupe. Binti akamwomba amletee kipande cha weupe ule. Mzee akawa anaahidi kila mara, hata akaitika mwito wa Mola wake. Kwa hiyo mtoto wetu wa mwisho alipoolewa na nyumba ikawa kimya, mwenzetu alisema usiku mmoja: "Baba, sasa nataka nikakiguse kile kilemba."

Ratiba ya kwanza tuliyopewa ilitutaka tusafiri usiku, tufike alfajiri, na tuanze kupanda siku ileile. Mwenzetu aliikataa. "Mlima hauna miguu," akasema, "hautakwenda popote. Natupeane siku moja ya kuwa wasafiri tu, kabla hatujawa wapandaji." Tukakubaliana. Tungekwenda kwa gari letu wenyewe, polepole, na jioni tungekutana Marangu na kundi dogo la jamaa wa Tanga ambao tungepanda nao, wanawake watatu na waume wawili.

Njia ya Bwana Kheri

Tulisali Alfajiri, tukaondoka Mombasa kukiwa bado na utusitusi. Kiti cha nyuma kilibeba mikoba miwili ya mgongoni, mkeka, chupa ya chai, mahamri, na samaki wa kukaanga waliofungwa vizuri wasije wakatia harufu kwenye nguo za mlimani. Makupa, Changamwe, Miritini: hapa ndipo malori ya bandarini huipima subira ya dereva yeyote. Siku ile hatukuwa na mtu wa kumuwahi. Lililotaka kupita lilipita, nasi tukaliombea salama.

Ukifika Mazeras, Rabai haiko mbali, na msafiri wa Kilimanjaro anapaswa kuikumbuka. Kutoka Rabai, tarehe 27 Aprili 1848, Mjerumani aliyeitwa Johannes Rebmann alianza kwenda bara kwa miguu. Tarehe 11 Mei akauona mlima na weupe ulio juu yake, na alipopeleka habari Ulaya kwamba kuna theluji karibu na mstari wa Ikweta, wako wataalamu wa London waliomkadhibisha. Vitabu vingi humtaja yeye peke yake. Lakini mtu hakuvuka nyika ile peke yake. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia kabla ya mgeni kuiota. Na Rebmann mwenyewe ameeleza kwamba alipouliza ule weupe ni kitu gani, mmoja wa waongozaji alimjibu kwa neno moja la Kiswahili: baridi. Mwenzetu aliposikia hayo alicheka. "Kwa hiyo lugha yetu ilikwisha kuujua mlima," akasema. Naam, ulikuwa mlima wa majirani zetu na wa wafanyabiashara wetu kabla ya kuwa mlima wa ramani.

Msafara ule ulitumia wiki mbili kufika mahali ambapo sisi tungefika kabla ya jua kutua. Tulipokumbuka hayo, tuliona aibu kuilalamikia barabara.

Baada ya Mariakani na Samburu nchi hukauka, miti ikawa mifupi na yenye miiba, na udongo ukawa mwekundu. Hii ndiyo nyika ya Taru, ambayo wazee wa misafara waliiogopa kwa kiu. Saa mbili za asubuhi tulikuwa Mackinnon Road, tukasimama kwenye msikiti ulio kando ya njia. Hapo pana kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambaye masimulizi humhusisha na ujenzi wa reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. Masimulizi ni mengi, na kila mtu ana lake. Sisi tulisimama kwa sababu nyepesi zaidi: msafiri anahitaji maji, kivuli, na mahali pa kuweka paji la uso chini. Tulitawadha na kusali. Mwenzetu akachelewa kutoka, kwa kuwa alikutana na akina mama waliokuwa wakienda Nairobi kumuuguza jamaa yao. Aliporudi garini, mahamri yalikuwa yamepungua nusu. Hatukuuliza.

Reli iliyolala

Voi tulinywa chai, tukaacha barabara kuu ya Nairobi na kushika njia ya kushoto. Mara moja safari ikabadilika sura. Malori yakapungua, milima ya Taita ikasimama upande wa kulia, mirefu na ya kijani, na Mwatate ikatupokea kwa mashamba ya katani yaliyopangwa safu kwa safu kama jamaa waliosimama kwa Sala.

Hapo Mwatate mwenzetu aliomba tusimame karibu na reli ya zamani. Ilikuwa imelala kimya ndani ya nyasi. Reli hii ilianza kujengwa kutoka Voi mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kupeleka askari na silaha mpakani mwa nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Baada ya vita ikawa njia ya ndizi, katani na abiria, na watu kama marehemu babake wakapata humo riziki ya halali. Alisimama akiitazama kwa muda, kisha akainama akaokota kokoto moja ya tutani, akaifunga kwenye pembe ya leso yake. Hatukumuuliza ataipeleka wapi. Kuna maswali ambayo mume mwenye busara huyaacha yajijibu yenyewe.

Baada ya Maktau barabara hupita katikati ya hifadhi ya Tsavo Magharibi. Tembo wa huku ni wekundu, kwa kuwa hujimwagia udongo wa nchi yao. Kundi moja liliamua kuvuka mbele yetu, mama mkubwa akiongoza, watoto katikati, na mwingine mkubwa nyuma akifunga msafara. Tulizima injini. Walichukua robo saa nzima, nasi tukaichukua pamoja nao. Lau tungekuwa na mtu anayetungoja, robo saa ile ingekuwa adhabu. Kwa kuwa hatukuwa naye, ilikuwa darasa la mwendo: aliye dhaifu zaidi ndiye aliyekuwa akipanga kasi ya wote.

Karibu na Taveta kuna kilima kidogo kiitwacho Salaita. Ukikipita kwa kasi hutakijua. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza, wakiwemo askari wa Afrika Kusini, yalikishambulia na kurudishwa nyuma kwa hasara kubwa na jeshi la Wajerumani, ambalo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika. Waliokufa kwa risasi wana makaburi yanayotunzwa hapo Taveta. Lakini vita vile vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao vijana waliochukuliwa kutoka vijiji vya nchi zetu, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Tulimsomea dua kila mmoja wao asiye na kaburi linalojulikana, na tukakumbuka kwamba kesho yake sisi pia tungebebewa mizigo na watu.

Mapatano ya Chala

Mjini Taveta tulinunua ndizi mbivu, tukaacha barabara na kwenda kaskazini kwenye Ziwa Chala. Ziwa hili limo ndani ya shimo la volkano ya kale, na mpaka wa Kenya na Tanzania hupita katikati ya maji. Halina mto mkubwa unaoingia. Maji yake hutokana zaidi na yale yapitayo chini ya ardhi kutoka upande wa Kilimanjaro, na kina chake kinakaribia mita 90. Mtu huliona ghafla: unatembea kwenye ukingo mkavu, kisha chini yako pana maji ya kijani na buluu, yametulia kana kwamba hayajawahi kuguswa. Upande wa magharibi ulipaswa kuwako mlima. Hatukuuona. Mchana mawingu hukaa juu yake, na kilichoonekana ni mteremko unaopanda na kuingia katika weupe wa wingu.

Tulitandika mkeka chini ya mti, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya kama ilivyo ruhusa ya msafiri, tukala samaki na ndizi. Upepo ulikuwa mwepesi. Ndipo mwenzetu, akimenya ndizi bila ya kututazama, akasema: "Baba, mmoja wetu akishindwa huko juu, tunafanyaje?"

Tulijibu upesi: "Tutashuka sote. Tumepanda wawili, tutashuka wawili."

Alinyamaza kidogo. "Hilo ni neno la mapenzi," akasema, "lakini laweza kuniua."

Tukamtazama.

"Ukiniambia kwamba nikiugua mimi na wewe utashuka, basi kichwa kitaniuma nami nitasema sina neno. Nitatapika kando ya njia nawe hutajua. Nani atakaye kuwa sababu ya kumshusha mumewe? Na wewe vivyo hivyo, nakujua. Magoti yatakuuma tangu siku ya pili, nawe utatabasamu kwa ajili ya kilemba changu."

Wasomaji wetu, hapa ndipo tulipofahamu kwa nini siku hii ilikuwa na thamani. Maradhi ya mlimani si mchezo. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya bahari, na huko kila pumzi huleta karibu nusu tu ya hewa ya oksijeni tunayoipata Mombasa. Mwili usiopewa muda wa kuzoea huanza na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi. Ukilazimishwa kuendelea, maji yanaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na hapo mtu hufa. Tiba kubwa ni moja: kushuka, na kushuka mapema. Kwa hiyo anayeficha dalili hujificha na tiba yake. Wala kuficha huku hakuanzii mlimani. Ni wanawake wangapi katika nyumba zetu wanaotembea na maumivu mwaka mzima ili wasimtie mume hofu au gharama? Ni wanaume wangapi wanaoficha presha na sukari ili waonekane nguzo? Twaiita stara, na mara nyingine kweli ni stara. Lakini iko stara inayozika watu.

Hata hivyo nasi tulikuwa na hoja. "Siwezi kukuacha ushuke usiku, mgonjwa, na mwanamume asiye maharimu wako, nami niendelee kutafuta kilele," tulimwambia. "Hicho kitakuwa kilele cha nini?"

"Hapo una haki," akasema.

Tukakaa kwenye ukingo wa Chala zaidi ya saa nzima tukiyapanga mambo, na tukatoka na mapatano manne. Tunayaandika kwa sababu huenda yakamfaa mtu.

La kwanza, kila asubuhi na kila jioni kila mmoja atamuuliza mwenzake mambo matatu: kichwa, tumbo, na usingizi. Jibu litakuwa amana, na anayeficha atakuwa amekhini amana.

La pili, neno la mwongozaji ndilo la mwisho. Yeye ameuona mlima mara nyingi kuliko sisi, wala hana mapenzi yatakayomtia upofu. Akisema shuka, hakuna majadiliano.

La tatu, tutatenga ugonjwa na uchovu. Ikiwa ni ugonjwa wa mlima, tutashuka sote wawili, na ni haramu kwa yeyote kati yetu kutamka, leo au baada ya miaka kumi, maneno haya: "ni kwa ajili yako." Mlima hauna miguu, na tutarudi mwaka mwingine Mungu akipenda.

La nne lilikuwa gumu zaidi. Ikiwa ni uchovu tu au magoti, na aliyechoka yuko salama kibandani, basi mwenzake ataendelea na kundi. Mwenzetu aliuliza kwa sauti ndogo: "Na ukichoka wewe pale Kibo?"

"Nikichoka Kibo, nitakaa Kibo nikikuombea. Nenda na wanawake wa Tanga na waume zao, ukakiguse kilemba cha babako."

Hakujibu. Alijifuta macho kwa ile pembe ya leso iliyokuwa na kokoto, akakunja mkeka.

Kuvuka na kufika

Mpaka wa Taveta na Holili tuliuvuka bila ya tabu, kwa kuwa huduma za nchi mbili ziko chini ya paa moja. Anayekusudia kupita hapo ahakikishe ana pasi yake, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na karatasi za gari zikiwa kamili. Anayefika na nusu ya karatasi huipoteza nusu ya siku.

Himo tulikata kulia na kuanza kupanda. Kwa kilomita chache dunia ilibadilika. Nyika ikabaki chini, na kandokando ya njia ikawa migomba na kahawa chini ya vivuli vya miti mirefu, na mifereji ya maji ambayo mababu wa Wachaga waliichimba kuleta maji ya mlimani mashambani mwao. Hewa ikapoa. Mwenzetu alifungua dirisha, akatoa mkono nje kama mtoto.

Nyumba ya wageni ilikuwa ndogo na safi. Jamaa wa Tanga walikwisha kufika, na baada ya maamkuzi ilidhihirika kwamba mmoja wa wale akina mama ana ndugu Kisauni. Udugu wa pwani hauna mpaka. Jioni akaja mwongozaji wetu, Mchaga mtaratibu mwenye umri wa kijana wetu mkubwa. "Shikamoo mzee, shikamoo mama," akasema, kisha akatuketisha wote na kutueleza.

Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Siku ya kwanza ni kupita msituni hadi Mandara, mita 2,700 hivi. Ya pili ni Horombo, mita 3,700 hivi, na hapo tungepumzika siku moja zaidi ili mwili uzoee. Ya nne ni Kibo, mita 4,700 hivi, na usiku wake ndio wa kilele. Njia hii ina vibanda vya kulala, na hilo ndilo lililotufanya tuichague. Lakini akina mama wajue kwamba vibanda hulala watu pamoja, na Kibo chumba kimoja huchukua wengi. Anayetaka stara aipange kabla ya kufika. Wanawake wetu wanne waliomba wawekwe pamoja, na wakaahidiwa.

Mwenzetu alimuuliza habari ya maji ya udhu. "Mandara na Horombo maji yapo, mama," akajibu. "Kibo hakuna. Yote hubebwa na wapagazi kutoka chini." Tulilitafakari jibu lile. Kila kikombe cha maji Kibo kimepandishwa na kichwa au bega la mtu. Sheria imetuwekea wepesi wa kutayamamu panapokosekana maji au panapokuwa na madhara, na imempa msafiri siku tatu na usiku zake za kupaka maji juu ya khofu bila ya kuzivua, zikitimiza masharti: ziwe imara, zifunike miguu pamoja na vifundo, na zivaliwe ukiwa na udhu kamili. Anayetaka kupanda mlima na azichague khofu zake nyumbani mapema, amuulize mwanachuoni aliye karibu naye, asingoje kuuliza akiwa anatetemeka kwenye mita 4,700.

Kisha wakaletwa wapagazi tusalimiane. Sheria ya hifadhi huwekea mpaka mzigo wa mpagazi, kilo 20, na mizigo hupimwa kwenye mizani. Tulifungua mikoba yetu usiku ule na kutoa tusivyovihitaji. Tukawasimulia vijana wale habari za Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, tarehe 6 Oktoba, Mwini Amani ndiye aliyekaa nao katika kambi ya juu, kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hajaizaliwa nayo, akiwapikia na kuwatunzia kambi. Kijana mmoja akasema hajawahi kumsikia. Wengi hawajawahi.

Chakula cha usiku kilikuwa mtori, ndizi zilizopondwa na nyama, umepikwa na mama Mwislamu wa Moshi ambaye jamaa wa Tanga walikuwa wakimfahamu. Kabla ya Magharibi, mwenzetu alikuwa uani akitia udhu. Alituita mara moja tu, kwa sauti ambayo hatujaisikia tangu azaliwe mtoto wetu wa kwanza. Mawingu yalikuwa yamefunguka. Juu ya migomba, juu ya miti, mahali ambapo jicho hudhani ni mbingu, palikuwa na kilemba cheupe kimeshika rangi ya jua la mwisho. Tulisimama hata kikazimika. Theluji ile si nyingi kama ya zamani za babake. Wapimaji wanasema sehemu kubwa ya barafu iliyokuwako mwanzoni mwa karne iliyopita imekwisha kuyeyuka. Lakini ilikuwako, na siku ile ilitutosha kuiona.

Usiku ule tulilala mapema, usingizi wa watu wasio na deni la maneno.

Kwa wasiopanda mlima

Habari za mlima wenyewe zina makala yake, nasi tutayaandika wiki nyingine inshallah. Kwa sasa itoshe kusema kwamba mapatano ya Chala yalihitajika usiku wa nne, yakatekelezwa kama yalivyokuwa, na mpaka leo hakuna aliyemwambia mwenzake lile neno tuliloliharamisha.

Wengi wenu hamtapanda Kilimanjaro, wala si lazima. Lakini kila nyumba ina mlima wake unaosubiri. Iko nyumba inayojiandaa kwa Hija, na wazee wawili watakaosongamana na mamilioni ya watu. Iko inayompeleka mama kufanyiwa upasuaji, na inayomsafirisha binti kwenda kusoma mbali. Iko inayongojea mtoto wa kwanza. Tunajua kuandaa nguo, pesa na karatasi. Aghalabu hatuandai maneno. Tunaingia katika jambo kubwa tukiwa tumechoka, na tukifika kwenye shida ndipo tunaanza kuulizana: nani ataamua? Nani atabaki? Nikishindwa, utanilaumu? Maswali hayo yakiulizwa kwenye shida, hujibiwa kwa hasira au kwa kuficha.

Waarabu husema chagua rafiki kabla ya njia. Sisi tungeongeza kwamba hata ukiwa na rafiki wa miaka mingi, mpe siku moja kabla ya njia. Zimeni simu. Chukueni mkeka na chai. Si lazima mwende Chala. Ufuo wa karibu au kivuli cha mwembe nyuma ya nyumba chatosha. Kuleni kwanza, maana mwenye njaa hasikilizi. Kisha kila mmoja amuulize mwenzake lile swali analoliogopa, na anayeulizwa asijibu upesi.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zenu kuwa za kheri, awalinde mlioko njiani, na awakutanishe na ahli zenu mkiwa salama. Amin.